Naomba ushauri: dawa ya presha inamvimbisha mama miguu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mama, tuko naye Kisauni, alipimwa presha ikawa 168/102, na siku nyingine bado iko juu. Akaanzishiwa enalapril, ikamletea kikohozi kikavu, akabadilishiwa amlodipine ya miligramu 5, kisha 10. Presha imeshuka, alhamdulillahi, lakini jioni vifundo vya miguu vinavimba hadi mikanda ya ndara inaacha alama. Nasikia dawa hiyo hutanua mishipa, na dozi kubwa huvimbisha zaidi. Sasa anairuka kimyakimya, na kiharusi hakipigi hodi! Achari na ng'onda (samaki mkavu) tumeshaacha kwa sababu ya chumvi. Mliopunguziwa dozi au kupewa losartan (dawa nyingine ya presha) badala yake, uvimbe uliisha? Kliniki ni wiki ijayo, nimwombe daktari vipimo gani? Na figo je, zipimwe pia?