Fomu ya uraia: mtoto wa Nyarugusu aandike nchi gani?

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Kijana wangu ana miaka 19, anajaza fomu ya uraia wa Marekani, na tumekwama pale wanapouliza nchi uliyozaliwa na nchi ya uraia wako. Kazaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania. Anataka aandike Tanzania pote pawili, anasema Kongo kaiona kwenye simu tu. Babu yake, aliyevuka ziwa kutoka Baraka, Kongo, mwaka 1996 na sufuria moja, haitikii salamu yake tangu juzi. Nisaidieni.
Baba wa Watatu, Iowa

> Kaka, nchi ya kuzaliwa aweke Tanzania, ilingane na grini kadi yake, ile ya ukaazi. Vikipishana atahojiwa hapo. Uraia aweke Kongo. Kule Kasulu tulihesabiwa wakimbizi, hata kutoka nje ya kambi ni kwa kibali, Utanzania angeupatia wapi? Ile miaka mitano ya kungoja kuomba uraia mhesabu tangu siku mliyotua Marekani, siyo siku kadi ilipotoka, na fomu wanaipokea hata siku 90 kabla. Ila mzee aelezwe mapema: sheria ya Kongo ya 2004 haichanganyi uraia wake na wa nchi nyingine. Kijana akiapa huku, Baraka ataingia kwa viza. Mimi nimeshaapa, na siku nilipotaka kwenda kumzika shangazi kule Fizi ndipo nilipoelewa nilichotia sahihi.
> Mjomba wa Kentucky

>> Baba wa Watatu, kijana msimwonee. Mimi niliingia kambini na miaka minne, nikatoka na watoto wawili. Mama yangu akitaja nyumbani ni samaki wa mikeke, mawese, na kiwanja ambacho sasa wanakaa watu tusiowajua. Mimi nyumbani kwangu ni foleni ya mgao, kuni, lile vumbi jekundu, na mwalimu anatufundisha kwa programu ya Kongo, Kifaransa chake chote, tukiwa ndani ya Tanzania, eti tukirudi tusiwe wageni. Hatukurudi. Siku ya basi nililia kwa ajili ya kambi niliyoilaani miaka yote, na jirani alikuwa ameshaung'oa mlango wetu kabla hatujapanda (simchukii, alinilelea mtoto). Binti yangu yeye akisema "twende nyumbani" anamaanisha hii ghorofa ya tatu inayovuja. Naye nimwambie anakosea?
>> Mama Mapacha, Texas

Asanteni sana. Ameandika kama Mjomba alivyosema. Mama Mapacha, ujumbe wako nilimsomea mzee, akauliza tu huyo jirani aliupeleka wapi mlango. Kijana anasema akipata pasipoti ataanzia Kasulu, Baraka atavuka baadaye kama patakuwa pametulia. Basi mzee kanuna upya.