Uendeshaji wa hospitali apewe katibu wa afya, mganga mfawidhi abaki na tiba. Karibuni tujadili

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Najua hoja hii itawaudhi baadhi ya madaktari humu. Hospitali zetu za serikali hapa Tanzania zinaongozwa na mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo. Asubuhi anapita wodini, mchana yuko chumba cha upasuaji, jioni anasaini vocha za mafuta ya gari la wagonjwa. Katibu wa afya, ambaye uendeshaji wa huduma ndio fani yake, yupo ofisi ya pili anashughulika na barua za likizo.

Mfuateni mgonjwa mmoja wa nje. Anafungua faili, analipia kumwona daktari, anaandikiwa vipimo, anarudi dirisha lilelile kulipia, anakwenda maabara, anasubiri majibu, anarudi kwa daktari, anarudi tena kulipia dawa, kisha foleni ya dawa. Foleni ya malipo kaipanga mara tatu, na ana homa! Kuirekebisha hakuhitaji udaktari. Kunahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuhamishia meza ya malipo mlangoni mwa maabara, na mwenye nafasi ya kusimama pale nusu siku aone watu wanavyozunguka.

Msiniambie hatujajaribu. 5S-Kaizen, ule utaratibu wa kuboresha mazingira ya kazi hatua kwa hatua, ilianzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Nne za kwanza tunaziweza. Ya tano huondoka na mfawidhi siku anapohamishwa, linabaki bango ukutani.

Daktari, hospitali ya wilaya

Mkuu, foleni nakubali, tiba yako naikataa. Saa nane usiku mama ana uchungu pingamizi, mtoto amekwama, umeme umekatika, dizeli iliyopo ni ya jenereta au ya gari la rufaa, si vyote viwili. Huo ni uamuzi wa matumizi au wa tiba? Ni vyote kwa pamoja, na unafanywa ndani ya dakika chache. Ukiweka wakubwa wawili, tutaanza kupigiana simu.

Na makatibu wa afya ninaowafahamu wanajua taratibu za utumishi kuliko wanavyojua wodi. Si kosa lao, ndivyo tunavyowatumia.

Muuguzi, mfawidhi wa zahanati

Nyie mnagombania hospitali. Huku zahanati tuko wawili, na katibu wa afya tunamwona timu ya halmashauri ikija kwenye usimamizi shirikishi, anasaini kitabu cha wageni, anaondoka.

Niwaambie kilichobadilisha kazi yangu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zinazochangwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, hazipiti tena halmashauri. Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa, kamati ya kituo inakaa, tunaagiza kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa. Zamani ningeandika barua nikasubiri. Ila anayejaza MTUHA (vitabu vya takwimu za huduma), anayeingiza hesabu kwenye mfumo na anayezalisha ni mimi huyohuyo. Sihitaji bosi mpya, nipeni mhasibu msaidizi hata wa kuzungukia zahanati tatu.

Mchangiaji kutoka Kenya

Dada hapo juu amemaliza maneno. Sisi huku tuna hospitali za kaunti zenye wakurugenzi watendaji, na cheo hakikusaidia kitu pale makusanyo yalipokuwa yanavutwa kwenye hazina ya kaunti. Mkurugenzi anaomba glavu kama mwanafunzi anayeomba karo. Ndiyo maana ikaja sheria ya 2023 inayotaka mapato ya hospitali yabaki hospitalini. Ulizeni kwanza nani anashika akaunti.

Mwanzisha mada

Zahanati naondoa, muuguzi ana haki. Hospitali sirudi nyuma. Daktari, mambo ya dharura yaandikwe mapema: damu, rufaa na dizeli ya usiku, neno la mwisho ni la tabibu wa zamu. Yaliyobaki, yaani foleni, stoo, usafi, zamu na manunuzi, mwachie aliyeajiriwa kwa ajili hiyo. Kumbukeni tathmini ya nyota ya 2015/16, iliyopima ubora wa vituo vya afya: karibu theluthi moja ya vituo vilipata sifuri. Raundi iliyofuata vingi vilipanda, na sehemu kubwa ya yaliyorekebishwa ilikuwa mipango na utaratibu.

Daktari, hospitali ya wilaya

Sawa, nijibu hili moja. Mama akifariki, anayeitwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika ni mimi. Katibu hana leseni ya kunyang'anywa. Unanipunguzia mamlaka, lawama unaniachia yote.

Mwanzisha mada

Basi na katibu awekewe pa kuitwa. Lakini nami nikuulize: mgonjwa akizimia leo kwenye foleni ya tatu ya malipo, anaitwa nani?