Je, mafundi waruhusiwe kutoboa mfuniko wa tanki la petroli?

Ndugu wachangiaji, tunachobishania ni desturi iliyozoeleka gereji: gari la zamani likianza kuzimika njiani, na mfuniko wa tanki ukifunguliwa hewa ikaingia kwa mluzi, fundi huutoboa mfuniko kwa msumari wa moto, akang'oa kopo la mkaa, yaani kichujio cha mvuke wa tanki, na kuiziba mipira yake ya kupitishia hewa na mvuke. Wanaoitetea wanasema kwamba gari linatembea, spea ni ghali, na magari ya zamani yalitoka kiwandani na mifuniko yenye tundu.

Hoja hiyo ya mwisho ni ya kweli kwa magari ya zamani hasa. Sharti la kuuzuia mvuke wa petroli lilianzia California kwa magari mapya ya mwaka 1970, na mwaka uliofuata likaenea Marekani nzima. Mwenye gari lililoundwa kabla ya hapo simlaumu. Lakini Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya petroli imeundwa ipumue kupitia kopo lenye punje za mkaa, ambazo huunasa mvuke gari likiwa limeegeshwa, kisha injini inapofanya kazi huuvuta na kuuchoma pamoja na mafuta mengine. Tanki likikosa hewa, pampu huvuta mafuta kwa shida hadi injini ikaishiwa, na mara nyingi chanzo ni mpira uliobonyea, valvu iliyokwama au vumbi lililoziba njia ya hewa ya kopo. Msumari hauondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Unachofanya ni kuutoa mvuke nje. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya mahali palipofungika, nao huweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, ambako gari hulala uani karibu na jiko la mkaa. Ndani yake mna benzeni, inayosababisha saratani ya damu. Gari likipinduka, tundu lile lile humwaga petroli yenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba ukaguzi uyakatae magari yaliyotobolewa hivyo, na mwenye gari apewe muda wa kurekebisha, kwani kubadilisha mpira si gharama ya kumshinda. Madereva nao waache kuongeza mafuta hadi shingoni baada ya pampu ya kituoni kujikata. Petroli inayofurika humo huingia kwenye kopo na kuuharibu mkaa, kisha lawama humwangukia aliyeliunda gari.

Anayetetea kutoboa na anijibu hili: kabla ya kuupasha moto msumari, alikagua mpira upi, na alikuta nini kimeziba?