Bwawa la koi nyuma ya nyumba, Njombe: kina kiwe kiasi gani, na kipupwe tukivuke vipi?

Mstaafu wa Kibena ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Naishi Njombe, upande wa Kibena, na nyuma ya nyumba yangu kuna eneo la wazi lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 6, ambalo kwa miaka mingi limekuwa la kuanikia mahindi na kupangia kuni. Nimestaafu mwaka huu, na nimekusudia kuchimba hapo bwawa la koi, wale samaki wa mapambo wa rangi mbalimbali, si kwa biashara wala kwa kitoweo, bali kwa kuwatazama jioni nikinywa chai. Mke wangu amekwisha kuniuliza mara tatu ni samaki gani huyo asiyeliwa, na bado sijapata jibu la kumridhisha.

Nimesoma maelezo mengi ya wafugaji wa nchi za baridi, na ndiyo yaliyonichanganya. Wao huzungumzia barafu inayofunika bwawa zima, na vifaa vya umeme vya kuweka tundu wazi katika barafu hiyo ili hewa chafu itoke. Hapa kwetu sijawahi kuona bwawa likiganda, ijapokuwa asubuhi za Juni na Julai sakitu huunguza viazi vya bondeni na mtu hatoki nje bila koti. Upande mwingine, jirani yangu alifuga perege katika bwawa lenye kina cha sentimita 80, na baada ya mwaka mzima walikuwa bado na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Sasa naomba kujua: bwawa liwe na kina gani, nijenge kwa zege au nitandike nailoni nzito, na wakati wa kipupwe samaki hawa walishwe namna gani? Maji nitayavuta kwa mpira kutoka kwenye chemchemi, na umeme upo, ingawa hukatika.

Mfugaji wa Mafinga:

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa kustaafu salama. Nimefuga koi kwa miaka minane sasa, na miwili ya kwanza niliwaua wengi kuliko niliowafuga, kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyalipia.

Perege wa jirani yako wasikutishe. Perege ni samaki wa maji ya joto. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 ukuaji wake hudorora, na yakikaribia nyuzi 15 huacha kula kabisa. Koi ni wa ukoo mwingine. Ni aina ya mapambo ya samaki ambaye wataalamu humwita Cyprinus carpio, na waliomtoa katika rangi hizi ni wakulima wa mpunga wa milima ya Niigata huko Japani, katika karne ya 19, mahali ambapo theluji huanguka kwa wingi kuliko tunavyoweza kufikiri sisi wa huku. Kwa hiyo baridi yenyewe haimwui. Kinachomwua hapa kwetu ni mambo mawili: maji yanayopanda na kushuka joto kila siku, na mkono wa mwenye samaki usiojua kuacha kulisha.

Nieleze la kwanza. Mwenzetu wa Ulaya huchimba mita 1.2 hadi 1.8 kwa sababu maji huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4, hivyo hayo hutuama chini, barafu ikabaki juu, na samaki wakalala sakafuni kwa miezi mitatu bila kula. Baridi yake ni kali lakini imetulia. Sisi hatuna barafu, ila tuna jua kali la mchana na anga tupu la usiku ndani ya siku moja, na bwawa la sentimita 60 au 80 hufuata hewa kama sufuria iliyoachwa nje. Koi huvumilia nyuzi 12 za Selsiasi kwa wiki nyingi. Asichovumilia ni kufikia 19 alasiri na kuamka katika 11 alfajiri, siku baada ya siku. Kina kwetu, basi, ni kwa ajili ya kutuliza maji. Chimba mita 1.5, kuta ziwe za wima, na eneo la juu lisiwe pana bila sababu, maana usiku joto hupotelea juu. Bwawa la mita 4 kwa 3 lenye kina hicho lina lita 18,000, nalo hubadilika polepole sana.

Kwa sababu hiyo hiyo, wale wanaojenga maporomoko ya mawe ili maji yaimbe wakumbuke kwamba usiku wa Julai maporomoko hayo ni mashine ya kupoza maji. Mimi huyafunga saa kumi na mbili jioni na kuacha pampu izungushe maji ya chini kupitia chujio tu. Juu ya bwawa husimamisha upinde wa mianzi (mianzi hapa kwetu haiishii kwenye pombe ya ulanzi peke yake) na kuufunika kwa plastiki ya kitalu kuanzia jioni hadi jua likolee.

Wengi huuliza kama kimo chetu hakiwapunguzii samaki hewa. Hupunguza kweli, kwani Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Hata hivyo maji baridi hushika oksijeni zaidi. Maji ya nyuzi 15 kwako hubeba takriban miligramu 8 kwa lita, kiasi kile kile cha maji ya nyuzi 26 Dar es Salaam. Hapo baridi imekulipa deni la mlima. Wasiwasi uwe Oktoba na Novemba, joto linapopanda na samaki wanapokula sana, na umeme ukakatika usiku. Weka pampu ndogo ya hewa yenye betri.

Sasa kulisha, ambako ndiko nilikoharibu. Nunua kipimajoto, kitumbukize hadi katikati ya kina, usome kila asubuhi kabla ya jambo lolote. Yakiwa juu ya nyuzi 18, lisha mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika tano. Kati ya 10 na 15, mara moja kwa siku au hata kwa siku mbili, chakula chepesi chenye kiini cha ngano, tena saa saba au nane mchana. Chini ya 10, usitupe hata punje moja. Samaki hana joto lake mwenyewe. Tumbo lake hufanya kazi kwa joto la maji, na bakteria wa kwenye chujio wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa naitriti na kisha naitreti hulegea vilevile. Julai yangu ya kwanza niliwaonea huruma kwa kuwa walikuja juu kuomba, nikawalisha kama Januari, na kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimezika kumi na mmoja chini ya mti wa parachichi.

Fundi wa Uyole:

Naunga mkono kina cha mita 1.5. Kuhusu zege au nailoni, yote mawili hufaa, ila kila moja lina masharti yake. Nailoni nzito ya mabwawa ya umwagiliaji ni nafuu na haichelewi, lakini hudai shimo lisilo na mizizi wala mawe makali, na panya fuko akiipata kwa chini utatafuta tundu lake hadi uchoke. Kwa shimo la wima kama ulilofahamishwa, ningejenga kwa matofali na zege lenye nondo, nikapiga ripu na kumalizia kwa niru iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji kupenya.

Ubaya wa saruji mpya ni chokaa yake. Niliwahi kuitwa kwenye bwawa ambalo fundi mwenzangu alilikabidhi Ijumaa na samaki wakaingizwa Jumapili. Maji yalikuwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi au chokaa ndani ya maji, ambacho 7 ni katikati) inayozidi 10, na matamvua ya samaki wale yalikuwa yameungua. Jaza maji, yaache wiki nzima, yamwage, usugue kuta kwa siki, kisha rudia tena na tena mpaka kipimo kitulie kati ya 7 na 8.5. Usilipokee bwawa kwa maneno ya fundi, hata akiwa ni mimi.

Kisha kuna kinyume chake. Maji ya chemchemi na ya mvua katika nyanda zetu mara nyingi ni laini, hayana chokaa ya kutosha kuzuia pH isianguke ghafla usiku. Mfuko wa vipande vya mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Songwe, ukiwekwa ndani ya chujio, hurekebisha jambo hilo taratibu bila gharama. Maji yenyewe yaangushe kwa kuyatawanya yanapoingia, kwa kuwa ya chemchemi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo. Sakafu iinamie katikati, na hapo weka bomba la kutolea uchafu kabla hujamwaga zege, kwani baadaye haliwekeki. Pampu ya lita 9,000 kwa saa itazungusha bwawa zima kila baada ya saa mbili.

Dada wa Tukuyu:

Kwetu mvua ni nyingi mno, na bwawa langu la kwanza lilifurika Aprili, samaki wanne wakaenda na mfereji. Tafadhali inua ukingo sentimita 30 juu ya ardhi na uweke wavu mdomoni mwa bomba la maji yanayozidi. Si hasara ya samaki tu. Ukoo huu hufukua matope na kuchafua mito popote unapotorokea, na mito ya huku kwetu, kama Kiwira, inaingia Ziwa Nyasa lenye samaki wasiopatikana kwingine duniani. Muone afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kununua, maana samaki wa kigeni hawaletwi kiholela. Halafu kuna ndege: korongo, kuta za wima zitamnyima pa kusimama, lakini mdiria hupiga mbizi, hivyo vifaranga wafunikie neti.

Mstaafu wa Kibena:

Nawashukuru sana. Nimeazima kipimajoto na kupima bwawa la umwagiliaji la shamba la jirani, katika kina cha mita moja: saa kumi na mbili asubuhi nyuzi 12, saa tisa alasiri nyuzi 14, ilhali juu kabisa yalifika 18. Nimeyaona kwa macho yangu mliyoyasema. Kuna mtu wa Dar es Salaam anayeweza kunitumia samaki kumi kwa basi wiki ijayo. Nitawaweka kwenye tanki wakati ujenzi ukiendelea. Je, ni busara?

Mfugaji wa Mafinga:

Hapana, mzee wangu. Watatoka kwenye maji ya nyuzi 26 na kuingia ya 12, na kuuelesha mfuko wao juu ya maji kwa nusu saa hakutoshi kuziba tofauti hiyo. Tena upo ugonjwa wa virusi vya koi, uliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao hujitokeza maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28 hivi. Katika baridi yetu samaki aliyeubeba huonekana mzima miezi mingi, kisha Oktoba wote wakafa kwa pamoja. Jenga sasa, safisha saruji, acha chujio lipate bakteria, na ulete samaki Novemba. Waweke kwanza ndani ya nyumba katika tanki la lita 1,000 lenye kipasha maji, nyuzi 23 kwa wiki nne, kisha shusha nyuzi mbili kwa siku hadi ulingane na bwawa. Na wawe sita, si kumi: koi mkubwa hufika sentimita 60 na zaidi, na kila mmoja anahitaji walau lita 1,000 zake, ukiacha nafasi ya watakaozaliwa.