Zebaki katika vijito vya Busia: nichote kwa chupa au niache kifaa majini?

Msomi_Busia anauliza:

Shikamooni wakubwa zangu. Naandaa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu vijito vinavyopita karibu na machimbo madogo ya dhahabu wilayani Busia, ambako wachimbaji huchanganya zebaki na mawe yaliyosagwa ili ikamate dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana. Nimechota maji kwa chupa mara nne, na mara tatu maabara ilinijibu kwamba zebaki haikuonekana, ilhali mabaki ya kuchekechea nayaona kwa macho yangu yakimwagwa kijitoni. Nimesikia kwamba vipo vifaa vinavyoachwa majini siku kadhaa vikikusanya zebaki vyenyewe, bila pampu wala umeme. Je, vinafaa katika maji ya tope kama yetu? Jambo hili linanisumbua, kwa sababu watu hunywesha mifugo na kuvua humo humo.

Mkemia_Entebbe anajibu:

Marahaba. Chupa huona dakika ile tu uliyochota: mabaki yakimwagwa jioni nawe ukafika asubuhi, zebaki imekwisha kupita. Tena, ikiwa maabara yako hushughulika na maji ya kunywa, ambayo Shirika la Afya Duniani limeyawekea kiwango cha mikrogramu 6 za zebaki kwa lita, huenda mashine yake haifiki kwenye nanogramu (sehemu moja ya elfu ya mikrogramu), nako ndiko zebaki ya mito mingi iliko.

Kifaa unachokitafuta ni cha geli nyembamba, ambacho William Davison na Hao Zhang wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walikieleza mwaka 1994. Ndani yake mna chujio, kisha geli ambamo metali iliyoyeyuka hupenya kwa kasi inayojulikana, na nyuma kabisa resini inayoinasa isirudi. Ukijua kiasi kilichonaswa, eneo la dirisha (uwazi ambao metali huingilia), unene wa matabaka, muda na jotoridi, unapata wastani wa siku zote. Usinunue kile cha kawaida chenye geli ya poliakrilamidi, kwa kuwa zebaki hung'ang'ania geli hiyo kabla ya kufika kwenye resini. Agiza cha agarosi, na resini yake iwe na thioli, yaani vikundi vya salfa, ambavyo zebaki huvishika kwa nguvu sana.

Piga hesabu mapema. Dirisha la sentimita za mraba 3.14, likiwa na matabaka ya milimita 0.9, kwa siku 7 hukusanya zebaki ya takribani mililita 190 tu za maji. Kijito kikiwa na nanogramu 1 kwa lita, utapata chini ya nanogramu 0.2, kiasi ambacho vumbi la mikono yako laweza kukizidi.

Mtu_wa_Mto anajibu:

Naunga mkono hilo la mikono, kwa kuwa lilinipata. Niliwahi kufungua vifaa vyangu umbali mfupi kutoka mahali walipokuwa wakichoma donge, na hata vile vya kulinganishia, ambavyo havikugusa maji kamwe, vilirudi na zebaki. Kazi ya wiki mbili ikapotea. Beba angalau vitatu vya namna hiyo kila safari, vifunge katika mifuko miwili, na uvifungue mbali na moshi. Vile vya kupimia vifunge mtoni mahali penye mkondo, kwa sababu maji yakisimama, tabaka tulivu hujijenga mbele ya dirisha na kupunguza kinachoingia, nawe utadhani mto ni safi.

Msomi_Busia:

Asanteni sana. Na tope je?

Mkemia_Entebbe:

Hapo usidanganyike. Kifaa hiki huhesabu zebaki iliyoyeyuka na iliyo tayari kuachana na ilichoshikamana nacho, wala hakioni ile iliyoganda kwenye chembe za udongo, ambayo karibu na machimbo yaweza kuwa sehemu kubwa kuliko yote. Kwa hiyo chota pia maji yasiyochujwa siku ya kuweka na siku ya kutoa, pamoja na tope la chini. Na kama kijito chako huishia kwenye kinamasi cha mafunjo, weka vifaa viwili huko na uombe maabara ipime methili-zebaki peke yake, kwa sababu ni katika tope lisilo na oksijeni ambamo bakteria huigeuza zebaki kuwa umbo hilo linalojilimbikiza katika samaki.

Mtu_wa_Mto:

Chujio likianza kuota utelezi wa kijani, kitoe hata kama siku zako hazijatimia, na uandike saa kamili.