Chumba cha kompyuta cha shule: mazabodi za RISC-V au mashine za mtumba?

Mzazi, Igoma (mleta mada)
Mwangaluka wana Mwanza. Wazazi tumechangishana hela za chumba cha TEHAMA cha sekondari yetu, na kikao cha Jumamosi kimevunjika kwa kelele. Kundi moja linataka kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya. Jingine, likiongozwa na kijana aliyemaliza chuo juzi, linataka mazabodi za RISC-V, aina ya VisionFive 2 (kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo), kwa sababu usanifu wake uko wazi na hautufungi kwa kampuni moja ya prosesa kama Intel. Mimi nimemuunga mkono kijana, ingawa nusu ya aliyosema sikuielewa. Nipingeni.

Fundi, Makoroboi
Mzee wangu, nakupinga kwa adabu. Kilicho wazi hapo ni nini hasa? RISC-V, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ni seti ya maelekezo tu, yaani lugha ambayo prosesa inaielewa. Yeyote anaitumia bila kulipia leseni. Lakini viini vinne vya prosesa, U74, vilivyomo kwenye bodi hiyo mchoro wake ni mali ya kampuni ya SiFive. Grafiki ni ya kampuni ya Imagination, na draiva inayokuja nayo, yaani programu ya kuiendesha, imefungwa. Halafu RAM imechomelewa palepale kwenye bodi: ukinunua ya GB 4 utazeeka na GB 4. Ile ya mtumba naiongezea kipande ukiwa umesimama hapo dukani.

Kijana wa kikao
Shikamooni wazazi. Kwenye grafiki fundi amenibana, nakubali. Ila tuje kwenye mfumo endeshi, maana ndipo mtumba unapofia. Windows 10 iliachwa Oktoba 14, 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na kwa prosesa za Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu. Hizo zilizopangwa madukani nyingi ni kizazi cha 3 na cha 4! Upande wangu, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa bure, inaikubali RISC-V tangu toleo la 4.15, Januari 2018, na Debian 13, mfumo kamili uliojengwa juu ya Linux, ya Agosti 2025 imeiingiza rasmi kwa mara ya kwanza. Na bodi inakula wati chache. Umeme ukikatika, sola na betri vinaendelea na kipindi.

Fundi, Makoroboi
Umeme nakupa, sibishani. Lakini Debian hiyohiyo inaingia kwenye mtumba wangu wa kizazi cha 3 bila maswali. Nani kakwambia mtumba lazima uwe na Windows?

Na hapo kwenye Debian umeruka jambo. Debian 13 inakuja na kerneli 6.12. Draiva ya HDMI, tundu la kutolea picha kwenye kioo, ya chipu yako, JH7110, haimo humo. Imo kwenye kerneli ya mtengenezaji. Kwa hiyo mtoto akiweka Debian rasmi anakutana na kioo cheusi, na akitaka picha anarudi kumtegemea mtengenezaji mmoja, kulekule ulikosema tunakimbia. Ubuntu nayo, Linux nyingine, kuanzia toleo la 25.10 inataka RVA23, orodha mpya ya maelekezo ya RISC-V ambayo bodi hiyo haina. Unabaki na toleo la 24.04.

Mwalimu wa TEHAMA, Nyakato
Mnabishana wanaume wawili, mimi ndiye wa kubaki nazo. Bodi ikigoma kuwaka, atakayechomeka waya wa siriali na kusoma U-Boot, ile programu ya kuiwasha bodi, inasema nini ni nani hapa mjini? Mtumba ukigoma nampigia fundi yeyote wa mtaani. Tena vitabu vyangu vina picha za Windows; LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, naweza kuihamishia somo, kioo cheusi siwezi.

Kijana wa kikao
Mwalimu, draiva zinaendelea kuingizwa kidogo kidogo. Tukisubiri zikamilike, watoto wetu watabaki watumiaji tu. Wajifunze kwenye kitu kinachojengwa.

Mwalimu wa TEHAMA, Nyakato
Wa klabu, sawa, wale watano wanaobaki jioni. Siyo mikondo mitatu ya kidato cha kwanza inayojifunza kushika mausi.

Mzazi, Igoma (mleta mada)
Kijana wangu, bodi moja si unayo nyumbani? Jumamosi uje nayo na kioo. Uiwashe kwa Debian 13 mbele yetu.

Kijana wa kikao
Nitaileta, mzee. Nitakuja na kadi yenye mfumo wa mtengenezaji.

Fundi, Makoroboi
Mzee amesema Debian 13.

Kijana wa kikao
Nimesikia, fundi.