Opareta akipasua bomba akatoa taarifa papo hapo, akatwe mshahara?

Mleta mada:
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia saiti za barabara na mitaro hapa Dar es Salaam, na kuna jambo linaniumiza, naomba tulijadili. Kijiko, ile mashine ya kuchimba mitaro, kikipasua bomba la maji au kikikata waya wa umeme uliofukiwa, gharama hushuka ngazi kwa ngazi: mwenye bomba anamdai mkandarasi, mkandarasi anamgeukia opareta. Opareta anakatwa mshahara, au anaambiwa kesho asije.

Msimamo wangu: anayesimamisha mashine na kutoa taarifa papo hapo asikatwe hata senti. Anayefukia uharibifu kimya kimya ndiye aadhibiwe, tena vikali.

Tazameni kinachotokea sasa. Bomba la plastiki limepata ufa, fomeni hayupo. Vibarua wanachana tyubu ya baiskeli, wanaizungushia penye ufa, wanakaza kwa waya wa kufungia nondo, wanashindilia udongo. Maji yameacha kuchuruzika, kazi inaendelea. Baada ya muda lami inaanza kubonyea. Na mtaa wenye mgao una balaa zaidi: maji yakifungwa, presha ndani ya bomba inashuka, na ule ufa uliokuwa unavujisha nje unaanza kunyonya maji ya mtaroni kuingia ndani. Jiji lililopitia kipindupindu cha Agosti 2015 halipaswi kulichukulia hilo kirahisi.

Kwenye gesi ni hatari kuliko hapo. Ghislenghien, Ubelgiji, mashine ya ujenzi ilikwaruza bomba kubwa la gesi na bomba halikupasuka siku ile. Lilipasuka baadaye presha ilipopandishwa, tarehe 30 Julai 2004, likaua watu 24, wakiwemo zimamoto walioitwa kwa sababu ya harufu ya gesi. Sisi tuna bomba la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Kinyerezi, na Mikocheni zipo nyumba zinazopikia gesi ya bomba. Opareta anayeogopa kufukuzwa atawaambia kweli kwamba meno ya ndoo yamegusa chuma?

Mama Lishe wa Mabibo:
Kaka, nakuelewa, lakini mbona kwenye hesabu yako sisi hatumo? Bomba la mtaani kwetu lilipokatwa na watu wa barabara, nilinunua maji ya madumu mpaka faida ya chakula ikaisha. Hakuna aliyekuja hata kutueleza maji yatarudi lini. Ukisema opareta asikatwe, sawa, ana watoto kama mimi. Nani analipa, basi?

Mkandarasi Daraja la Chini:
Mwenye bomba alipe. Nasema hivyo nikijua nitashambuliwa. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kwa barabara kuu, na humo humo kuna maji, umeme, majitaka na mkongo wa mawasiliano. Tunaomba ramani, tunapewa mchoro wa kabla barabara haijapanuliwa. Mchoro unasema bomba liko kushoto, unalikuta kulia, tena juu juu kuliko ulivyoambiwa. Kuchimba mashimo ya majaribio kwa sururu na chepe kunakula siku nzima, na kwenye bei ya zabuni hakuna fungu lake. Ukiliweka, unamkosa mteja.

Opareta wa Kijiko:
Niliye kwenye kiti sioni chini ya ndoo. Namtegemea mtu anayesimama pembeni ya mtaro kunipa ishara, na huyo ndiye wa kwanza kuondolewa kazi zikibana, anatumwa kubeba kokoto. Utepe wa tahadhari ukiwa umetandazwa juu ya bomba, ndoo inaunasa kwanza na mimi nasimama. Sehemu nyingi utepe haupo.

Mbongo wa Ohio:
Huku Marekani tangu 2007 kuna namba moja nchi nzima, 811. Unapiga kabla ya kuchimba, bure. Wenye miundombinu wanakuja kupaka rangi ardhini: nyekundu umeme, njano gesi, bluu maji, chungwa mawasiliano. Lakini mleta mada, hata huku kutoa taarifa baada ya kuharibu hakukufutii deni. Kampuni ikichimba bila kupiga simu, inalipa. Msamaha wako unaweza kuwa kichaka cha wazembe.

Mleta mada:
Mkuu wa Ohio, hapo lazima nitenganishe mambo mawili. Msamaha ninaoutaka ni wa mtu, sio wa kampuni. Opareta na kibarua waguswe tu wakificha. Kampuni iliyoanza kuchimba bila kuomba ramani wala kufungua mashimo ya majaribio ilipe matengenezo, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipelekewe jina lake. Kama iliomba, ikapewa mchoro wa uongo, mwenye bomba abebe mwenyewe.

Mkandarasi, hoja ya bei ni ya kweli. Mashimo ya majaribio yawe fungu lake kwenye zabuni, kiasi kilekile kwa kila mwombaji, ili anayefanya haki asishindwe na anayeruka. Kwa mabomba ya plastiki hatuna njia ya mkato: kifaa cha kutafuta nyaya hakiyaoni kama hayakulazwa na waya wa kuyafuatilia, kwa hiyo chepe litabaki kuwa chepe.

Mama Lishe wa Mabibo:
Mmegawana gharama za bomba vizuri. Madumu niliyonunua yako kwenye fungu gani?

Mleta mada:
Dada, kwa sasa hayapo popote. Nashauri mkataba umlazimishe anayechimba kuleta boza la maji mtaani siku hiyohiyo, kwa gharama ya atakayeonekana ana kosa, na namba ya simu ya msimamizi ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla mashine haijashushwa. Nani anapinga hili, na kwa sababu gani?